Shajara ya Escudo: kuamua bei ya ufundi wa kuhamia gia za mkono

4 Mei

Kazi iliyobaki kwenye Suzuki Escudo yetu ni moja, nayo ndiyo kubwa kuliko zote zilizotangulia: giaboksi. Gari hili la milango mitano tunalitumia kwa pamoja, kaka yangu na mimi, hapa Chake Chake, Pemba. Siku za kazi linanipeleka skuli ninakosomesha, na msimu wa karafuu ukiingia linabeba magunia kutoka shamba hadi kwenye kituo cha ununuzi cha ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar. Injini yake, G16A ya sentimita za ujazo 1,590, ni nzima; haitoi moshi wala haili oili. Kilichochoka ni giaboksi ya otomatiki. Ukiingiza gia ya kwenda mbele inasita kabla ya kushika, na ukipanda mlima injini inapiga kelele na mizunguko inaongezeka huku gari likisogea kwa shida. Oili yake, ambayo ikiwa nzima huwa nyekundu na angavu, imekuwa ya kahawia na inanuka kuungua. Dalili hizo zikikutana, pleti za msuguano zilizomo ndani zimeshalika, na kubadilisha oili peke yake hakurejeshi kilicholika.

Tuna njia mbili. Ya kwanza ni kununua otomatiki nyingine iliyotumika, ambayo muuza spea mmoja wa Unguja ametutajia kwa shilingi 950,000, na kuifunga mahali pa ile ya zamani kwa ufundi wa 180,000 pamoja na oili mpya ya 90,000. Jumla yake ni shilingi 1,220,000. Ya pili ni kuhamia gia za mkono, ambayo kwa makisio ya awali haitapungua shilingi milioni moja na laki sita. Kwa hesabu ya leo otomatiki ni rahisi zaidi. Hata hivyo otomatiki iliyotumika ni umri mwingine usiojulikana tunaouingiza kwenye gari, na ikichoka tena tutarudi pale pale, ilhali gia za mkono mafundi wengi wa hapa wanaweza kuzifungua, kuzikagua na kuzirudisha. Pemba nayo ni nchi ya vilima. Anayetoka Chake Chake kwenda Mkoani kupitia Mtambile akiwa na magunia nyuma anajua thamani ya kuichagua gia mwenyewe na kushuka mteremko akishikwa na injini. Tumekubaliana na kaka kuhamia gia za mkono.

Spea zisitutie wasiwasi mkubwa. Escudo ilianza kuuzwa Japani mwaka 1988, na nje ya Japani ikajulikana zaidi kwa jina la Vitara, na magari mengi ya aina hiyo yalitoka kiwandani yakiwa na injini hii hii na gia tano za mkono. Kwa hiyo hakuna kitu cha kubuni. Kila kinachohitajika kiliwahi kutengenezwa na kiwanda kwa gari la namna hii. Suala linalobaki, ambalo ndilo nitakaloliandika kwa kirefu, ni kiasi gani cha haki cha kumlipa fundi.

9 Mei

Nimepata bei tatu, na tofauti zake ni kubwa kiasi kwamba kuziweka sambamba bila kuuliza kilichomo ndani yake kungekuwa kujidanganya.

Fundi wa Wete ametaja shilingi 200,000 kwa njia ya simu, bila kuliona gari. Spea zote tulete wenyewe, yeye afunge. Nilipomuuliza itakuwaje giaboksi ikifungwa kisha ikaonekana ina kasoro, alijibu kwa uungwana kwamba yeye analipwa kufunga, na kufunga mara ya pili ni kazi ya pili. Jibu lake halina hila, na bei yake inalingana na jibu hilo.

Gereji moja ya Mwanakwerekwe, Unguja, imetaja shilingi 2,300,000 kwa kila kitu, spea na ufundi, na dhamana ya mwezi mmoja. Gari lipelekwe kwao kwa meli kutoka Mkoani na lirudishwe kwa gharama yetu, na likipata hitilafu ndani ya mwezi huo lipelekwe tena kwao kwa gharama yetu vilevile. Dhamana iliyo ng'ambo ya bahari ni nusu dhamana kwa mtu wa Pemba. Niliomba mchanganuo wa spea na ufundi, nikaambiwa bei yao haigawanywi.

Fundi wa tatu yuko hapa Chake Chake, upande wa Gombani. Huyu aliomba gari aletewe, akalala chini yake na tochi, kisha akaniuliza maswali ambayo wale wawili hawakuyauliza: iwapo giaboksi tutakayonunua inakuja na transfa yake (kifaa kinachogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma), iwapo pedali zitatoka kwenye gari lile lile, na iwapo tumeshapima propela, yaani shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye magurudumu. Bei yake ni shilingi 450,000 za ufundi peke yake. Kwa kaka yangu bei hiyo ilikuwa kubwa, kwa kuwa ni zaidi ya mara mbili ya ile ya Wete. Mimi yale maswali yalinifanya nisite kuikataa.

13 Mei

Nimeamua kuichambua kazi yenyewe kwanza, kwa kuwa bei ya ufundi haiwezi kupimwa na mtu asiyejua fundi atafanya nini. Nilikaa na fundi wa Gombani jioni nzima, naye akanieleza hatua moja baada ya nyingine bila kuchoka, jambo ambalo nalihesabu kuwa sehemu ya ujuzi wake.

Kushusha giaboksi ya zamani ni kazi ya nguvu zaidi kuliko ya akili. Unamwaga oili, unafungua propela mbili, ya mbele na ya nyuma, unafungua mabomba yanayopeleka oili ya otomatiki kwenye rejeta, unatenganisha toki konveta (kifaa kinachopitisha nguvu ya injini kwenye otomatiki kwa njia ya oili) na ile sahani nyembamba iliyofungwa nyuma ya injini, kisha unaishusha giaboksi pamoja na transfa kwa jeki. Fundi yeyote mwenye msaidizi na jeki nzuri anaweza.

Akili inaanzia pale nyuma ya injini. Sahani nyembamba inatoka, na mahali pake inaingia flaiwili, ambayo ni nzito na ina uso wa kusuguana na klachi. Bolti za sahani hazifai kufungia flaiwili, kwa sababu flaiwili ni nene na inahitaji bolti zake zenye urefu wake. Pini ndogo zinazoelekeza giaboksi ikae katikati ya injini lazima ziwepo. Zikikosekana, shafti ya giaboksi itakaa upande, na klachi itakufa mapema bila mtu kujua sababu. Iko pia beringi ndogo inayoshika ncha ya shafti hiyo, ambayo otomatiki haina haja nayo, na hivyo haiwezi kutarajiwa kuwamo. Na kwa kuwa kila kitu kiko wazi wakati huo, sili ya nyuma ya krankshafti ibadilishwe hapo hapo. Bei ya sili ni ndogo, na kuifikia siku nyingine ni kushusha giaboksi upya, na ndiyo maana naona fundi anayekutajia sili hiyo kabla hujamuuliza amekwisha kukuokolea fedha.

Ndani ya gari iko kazi nyingine. Pedali mbili zinatoka, tatu zinaingia, na waya wa klachi unahitaji tundu lililo sawa kwenye ukuta wa injini. Wenzo wa gia unahitaji nafasi yake sakafuni. Kisha uko umeme: gari la otomatiki haliwaki isipokuwa gia iko kwenye P (ya kuegesha) au N (ya huru), kwa hiyo swichi iliyokuwa kwenye giaboksi ya zamani ikiondoka, stata haitapiga mpaka waya zake ziunganishwe upya. Taa ya kurudi nyuma nayo ilikuwa ikipata amri kutoka swichi hiyo hiyo.

Niliuliza pia kuhusu difu, zile gia za kwenye ekseli zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili, kwa sababu gari la otomatiki na la mkono la aina moja linaweza kutoka kiwandani na uwiano tofauti wa difu. Fundi alinionyesha namna ya kuujua bila kufungua kitu: unainua gurudumu moja la nyuma huku la pili limekaa chini, unalizungusha lililo juu mizunguko miwili kamili, na unahesabu propela imezunguka mara ngapi, hesabu hiyo ndiyo uwiano. Muhimu ni kwamba difu ya mbele na ya nyuma zilingane, na za kwetu haziguswi, kwa hiyo zitabaki kulingana. Kinachoweza kubadilika ni mizunguko ya injini kwa mwendo fulani tu.

Baada ya maelezo hayo niliomba tuigawe bei yake kwenye karatasi. Yeye na msaidizi wake kwa pamoja wanahesabu shilingi 70,000 kwa siku, na kazi yote ameikadiria siku nne, yaani 280,000. Kuchomea na umeme ni 40,000. Matumizi ya gereji, jeki na vifaa ni 40,000. Hapo ni shilingi 360,000. Zilizobaki, 90,000, alisema ni za «lolote litakalotokea».

15 Mei

Hizo 90,000 ndizo zilizonishughulisha, na nimeziona kuwa ndiyo kiini cha mapatano yote. Kila kitu kingine kina kipimo chake: siku zinahesabika, kuchomea kunaonekana. «Lolote litakalotokea» halina kipimo, na ndilo linalowagombanisha watu na mafundi wao kila siku, kwa sababu mwenye gari anadhani amelilipia na fundi anadhani hakulipwa.

Hatari kubwa ya kazi hii haitoki kwa fundi. Inatoka kwenye giaboksi iliyotumika, ambayo imetolewa kwenye gari tusilolijua, na kuinunua bila kuikagua ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Ikifungwa na gia ya tatu ikawa inachomoka, kosa ni la spea, lakini atakayelala tena chini ya gari ni fundi. Muuza spea, kwa desturi ya biashara hii, anakubali kubadilisha giaboksi iliyothibitika kuwa mbovu, ila hakuna muuza spea anayelipa gharama ya kuifungua na kuifunga tena. Gharama hiyo inabaki hewani, na bei ya Wete ni nafuu kwa sababu inaiacha huko huko.

Kwa hiyo nimegawa makosa mafungu matatu, kila moja na mwenyewe. Kosa la ufungaji, kama vile uvujaji wa sili aliyoiweka fundi, klachi iliyokaa upande au bolti iliyolegea, ni la fundi, na atalirekebisha bila malipo. Kosa la ndani ya giaboksi ni la muuza spea kwa upande wa kifaa, na kwa upande wa ufundi tutamlipa fundi kazi ya kushusha na kupandisha peke yake, ambayo haina pedali, haina umeme, haina kuchomea; nimeikadiria shilingi 100,000. Kinachogunduliwa njiani ambacho hakuna aliyeweza kukiona mapema ni chetu sisi wenye gari, kwa sharti kwamba tuonyeshwe kabla hakijafanyiwa kazi. Mgawanyo huu ukikubaliwa, ile hatari anayoibeba fundi inapungua, na fedha za kuibeba nazo zina haki ya kupungua.

18 Mei

Tumekubaliana. Nilimwekea fundi karatasi mbele nikamwambia kwamba siku nne zake sizigusi, kuchomea sikugusi, na gereji yake siigusi. Ninachoomba kupunguziwa ni kile cha mwisho tu, kwa kuwa nimemwondolea mzigo wa kosa la spea.

Alisoma polepole, akarudia kusoma lile fungu la giaboksi mbovu. «Maalim,» akasema, «wengi wakija hapa wananikata siku zangu za kazi. Wewe umekata pale palipo na maneno. Niachie sitini za dhamana, maana sili na klachi nitazibeba mimi.»

Sikuona sababu ya kuendelea kuvutana. Mtu anayekubali kubeba kasoro za kazi yake mwenyewe anastahili kulipwa kwa kuzibeba. Bei imefungwa kwenye shilingi 420,000, kwa awamu tatu: arubuni ya 120,000 gari likiingia gereji, 180,000 siku litakapotembea kwa giaboksi mpya, na 120,000 za mwisho baada ya wiki tatu za matumizi ya kawaida, ikiwemo safari ya Mkoani likiwa na mzigo. Tumeandika nakala mbili na kutia saini. Kaka yangu, ambaye bado aliona bei ni kubwa, alitia saini kama shahidi.

Wapo watakaosema kuandikiana na fundi ni kumvunjia imani. Sikubaliani nao. Maneno ya mdomo yanamlinda mwenye sauti kubwa, na mara nyingi huyo si fundi.

27 Mei

Giaboksi imefika kwa meli kutoka Unguja ikiwa na transfa yake na wenzo wake, kwa shilingi 750,000. Niliikagua pamoja na fundi kabla ya kumlipa muuza spea fedha zilizobaki. Tulimwaga oili iliyosalia kwenye beseni jeupe na kuitazama kwenye jua: ilikuwa nyeusi, lakini haikuwa na vipande vya chuma, ila vumbi laini la rangi ya shaba ambalo hutoka kwenye sinkronaiza, pete zinazolinganisha mwendo wa gia kabla hazijaingia, na ni la kawaida kwa kifaa kilichotumika. Tukaingiza kila gia na kuizungusha shafti kwa mkono, pamoja na ya kurudi nyuma, tukisikiliza. Shafti ya kuingilia ilikuwa na mchezo mdogo sana wa kwenda pembeni, na meno yake yanayokaa kwenye klachi hayakuwa na ncha kali za kulika. Fundi aliridhika, nami nikalipa.

Klachi tumenunua mpya kamili, yaani pleti, presha na beringi yake, kwa shilingi 180,000. Hapa sikutaka iliyotumika, kwa sababu klachi ndiyo inayolika, na kuokoa elfu chache kwenye kitu kinachohitaji kushusha giaboksi ili ukibadilishe si kuokoa. Flaiwili na bolti zake 80,000, pedali 60,000, waya wa klachi 35,000. Sili, mauntingi (mipira inayoshikilia giaboksi), beringi ndogo na oili tumezitengea 120,000. Oili ya giaboksi ni ya daraja la GL-4, 75W-90, kama fundi alivyotaka, kwa kuwa baadhi ya oili za GL-5 zina kemikali zinazoila shaba ya sinkronaiza.

3 Juni

Gari limo gereji tangu juzi na arubuni imelipwa. Leo nimeitwa kuonyeshwa jambo, kama tulivyoandikiana. Giaboksi imekaa vizuri kwenye injini, lakini propela ya nyuma ya zamani hailingani na mahali transfa hii inapoishia. Tumepima kwa futi mbele ya macho yangu, na tofauti inatosha kuifanya isifae.

Nilikuwa nimetenga shilingi 70,000 kwa ajili ya kuikata na kuichomea. Fundi hakulipenda wazo hilo, na sababu yake ni nzuri: propela iliyochomewa isiponyooka na kusawazishwa barabara inatikisa gari katika mwendo, na mtikisiko huo unakula beringi ya transfa na krosi, yaani viungo vya propela, kidogo kidogo. Muuza spea anayo propela ya gari la gia za mkono kwa 90,000. Tumeongeza elfu ishirini na kuiagiza. Hili ndilo fungu la tatu la mapatano, lile la kisichoonekana mapema, nalo limepita bila ugomvi kwa kuwa lilikuwa na jina lake kwenye karatasi.

8 Juni

Gari limetembea. Nimelipa awamu ya pili. Gia zote zinaingia, klachi inashika karibu na katikati ya mwendo wa pedali, na taa ya kurudi nyuma inawaka.

Fundi amefanya jambo moja ambalo halikuwa kwenye mapatano. Badala ya kuunganisha tu zile waya za stata ili gari liwake wakati wowote, ameweka swichi kwenye pedali ya klachi, hivyo injini haiwaki mpaka klachi ikanyagwe. Mafundi wengi huziunganisha tu na kwenda zao, na matokeo yake ni gari linaloweza kuruka mbele likiwashwa na mtu aliyesahau kuwa limo kwenye gia. Watoto wa kaka yangu hucheza ndani ya gari hili. Nilimuuliza gharama yake, akasema ni swichi ya zamani aliyokuwa nayo na hataki kitu. Nimemlipa shilingi 25,000 juu ya mapatano, nikaiandika kwenye nakala zote mbili kama kazi ya ziada, ili isichanganywe na bahashishi.

Kwa wiki hizi za mwanzo tunaendesha taratibu, hatubebi mzigo mzito wala hatuichezeshi klachi mlimani, ili pleti mpya izoeane na uso wa flaiwili.

29 Juni

Safari ya Mkoani imefanyika kwa mzigo wa mbao na saruji, na vilima vya njiani vimepandwa kwa gia ya pili na ya tatu bila injini kulalamika. Baada ya kurudi, fundi aliliinua gari na tukapitisha kitambaa cheupe chini ya injini na giaboksi. Sili ya nyuma ya krankshafti ni kavu. Kwenye transfa palikuwa na unyevu kuizunguka bolti ya kumwagia oili. Alibadilisha washa yake papo hapo, bila malipo na bila kukumbushwa karatasi.

Nimelipa awamu ya mwisho. Hesabu kamili ni hii: spea na vifaa shilingi 1,315,000, ufundi 420,000, kazi ya ziada 25,000, jumla 1,760,000. Ni shilingi 540,000 zaidi ya otomatiki iliyotumika, na 540,000 pungufu ya bei ya gereji ya Unguja, bila kuhesabu nauli ya meli ya gari kwenda na kurudi. Kaka ameomba nakala ya yale mapatano, kwa kuwa anataka kuyatumia kwa fundi atakayemtengenezea injini ya boti.

Kinachofuata kwenye gari hili ni bushi za mbele, na mabomba ya oili ya otomatiki yaliyobaki kwenye rejeta, ambayo yamezibwa kwa sasa na yataondolewa kabisa rejeta itakapotolewa kuoshwa.